Kuna haja ya kutenga siku nzima kwa ajili ya mwamba wa Mfalme Munmu, kijijini Bonggil-ri?

Mgeni wa Daegu aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi ninayeishi Daegu, Korea Kusini, na mwezi ujao nitapata siku mbili za mapumziko ambazo nimekusudia kuzitumia Gyeongju, mji uliokuwa makao makuu ya ufalme wa Silla. Siku ya kwanza haina utata, kwa kuwa nitazunguka vilima vya makaburi vya Daereungwon, bwawa la Wolji na makumbusho ya taifa yaliyo karibu nalo. Siku ya pili ndiyo inayonitia mashaka. Mwenzangu wa darasani, ambaye ni mwenyeji wa mkoa huu, amenisisitizia niende pwani, upande wa mashariki wa milima, hadi kijiji kidogo kiitwacho Bonggil-ri, nikaone kaburi la Mfalme Munmu lililomo baharini.

Nimetafuta picha zake na, kusema kweli, nimeona mawe tu yaliyochomoza majini, na shakwe juu yake. Ningependa kujua kwa wale waliokwisha kufika kama kuna kitu cha kuona pale zaidi ya hayo mawe, kama mtu anaweza kuvuka kwa miguu wakati maji yamekupwa akauone mwamba kwa karibu, na kama kuna maeneo mengine ya kihistoria yanayoweza kuijaza siku. Tena kuna jambo linalonisumbua kidogo: je, ni kaburi kweli, au ni hadithi iliyonogeshwa kwa ajili ya watalii? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Ramani alijibu:

Ndugu Mgeni, nimeishi mkoa huu wa Gyeongsang Kaskazini kwa miaka kadhaa na Bonggil-ri nimekwenda zaidi ya mara tano. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mara ya kwanza na mimi niliondoka pale nikinung'unika, na kosa lilikuwa langu: nilishuka ufukoni moja kwa moja, nikatazama mwamba kwa dakika kumi, nikapiga picha mbili, nikarudi zangu. Ukifanya hivyo utaona mawe tu, kama ulivyosema. Mwamba ule ni sehemu moja ya mambo matatu ambayo watu wa karne ya 7 waliyapanga kwa pamoja, nayo mawili mengine yako nchi kavu, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu.

Kwanza mfahamu mwenyewe. Munmu, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kim Beopmin, alitawala Silla kuanzia mwaka 661 hadi 681. Ufalme wa Baekje ulikuwa umeanguka mwaka 660 wakati wa baba yake, naye, akiwa bado mwana wa mfalme, alitumwa na merikebu 100 kwenda kulipokea jeshi la Tang kutoka China lililokuja kusaidia vita hivyo. Ufalme wa Goguryeo nao ukaanguka mwaka 668. Kisha wale waliokuja kusaidia hawakutaka kuondoka, ikabidi apigane nao mpaka mwaka 676 walipofurushwa. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyeijua bahari kama njia anayopitia rafiki leo na adui kesho, na ndiyo maana masimulizi yanasema kwamba aliwaambia watu wake kuwa baada ya kufa angependa kuwa joka wa kuilinda nchi dhidi ya wavamizi wanaotokea Japani.

Sasa anzia bara, kwenye magofu ya hekalu la Gameunsa. Munmu ndiye aliyeanza kulijenga, akafariki kabla halijakamilika, na mwanawe Sinmun akalimaliza mwaka 682. Inasemekana kwamba awali lilikuwa liitwe kwa jina lenye maana ya kuilinda nchi, lakini mwana akaligeuza likawa hekalu la kushukuru fadhila, yaani fadhila za baba. Majengo yote ya mbao yamekwisha kutoweka. Kilichobaki ni minara miwili ya mawe, pagoda za ghorofa tatu zenye urefu wa takriban mita 13 kila moja, zimesimama peke yake juu ya kiwanja cha nyasi chini ya kilima, na mbele yake mashamba ya mpunga. Mimi huona kwamba hakuna pagoda za Silla zinazomfanya mtu ajihisi mdogo kama hizi, ingawa zile za hekalu la Bulguksa ndizo zinazochapishwa kwenye kadi. Hazina urembo wa nakshi. Ni uzito mtupu, na ncha za vyuma zilizochomoza juu yake zimestahimili miaka zaidi ya 1,300 ya upepo wa chumvi.

Ukifika hapo usiishie kutazama juu. Nenda katikati, nyuma ya minara, palipokuwa na ukumbi mkuu, kisha uiname. Utaona kwamba misingi yake si ya kawaida: kuna mawe mafupi yaliyosimamishwa kwa safu, juu yake yamelazwa mapande marefu ya mawe kama maboriti, na chini yake kumeachwa uwazi ambao mtoto anaweza kutambaa. Sijui mafundi wa mahekalu wanaohitaji uwazi kama huo kwa sababu za ujenzi tu. Maelezo ya kale yanasema kwamba uliachwa ili joka, yaani mfalme aliyekufa, aweze kutoka baharini na kuingia ndani ya hekalu. Zamani maji yalikaribia zaidi kuliko sasa, na mbele ya hekalu yapo mabaki ya mawe yanayodhaniwa kuwa gati. Nimewahi kusoma habari nyingi za wana waliowajengea baba zao makaburi, lakini huyu alimwachia baba yake mlango.

Kutoka hapo elekea baharini hadi Igyeondae, banda lililo juu ya mwinuko upande wa Gampo. Jengo lenyewe ni jipya, lilijengwa mwaka 1979 baada ya uchimbuzi kufanyika mahali hapo, kwa hiyo usilitazame sana. Tazama kinachoonekana ukiwa umesimama ndani yake. Mwamba unaonekana vizuri zaidi kutoka huko kuliko ufukoni, kwa kuwa unautazama kwa pembeni na kutoka juu kidogo. Hapo ndipo Sinmun anaposimuliwa kwamba alipokea habari za kilima kilichokuwa kikielea majini, chenye mwanzi ambao mchana ulikuwa miwili na usiku ukawa mmoja. Joka likamweleza kwamba mkono mmoja ukipigwa hautoi sauti mpaka ikutane mikono miwili, vivyo hivyo na mwanzi ule. Sisi tungesema mkono mmoja haulei mwana. Mfalme akaukata mwanzi, akatengeneza filimbi ambayo ikipulizwa adui hurudi nyuma na mawimbi hutulia. Filimbi hiyo huitwa Manpasikjeok, na kisa chake kimo katika Samguk Yusa, kitabu cha mtawa Iryeon wa karne ya 13.

Ufukoni uende mwisho, ukiwa umekwisha kuyajua hayo yote. Mwamba uko takriban mita 200 kutoka nchi kavu.

Na kuhusu kuvuka kwa miguu, hilo lisahau. Bahari ya Mashariki haipwi wala haijai kama ile ya magharibi, ambako upande wa Incheon tofauti hufikia mita kadhaa; huku maji hupanda na kushuka kwa kiasi ambacho hakifiki hata nusu mita. Isitoshe, mahali hapo ni eneo la kihistoria linalolindwa tangu mwaka 1967, na wageni hawaruhusiwi kwenda mwambani.

Msoma Mawe alijibu:

Mzee wa Ramani ameeleza vizuri, nami sitarudia. Naomba nijibu lile swali la mwisho, la kama ni kaburi kweli, kwa sababu ndilo linalojibiwa kwa pupa na watu wa pande zote mbili.

Matangazo mengi husema kwamba hili ndilo kaburi pekee la mfalme lililo chini ya maji duniani kote. Maneno hayo yapokee kwa tahadhari. Ukiutazama mwamba kutoka angani, jambo ambalo kutoka ufukoni haliwezekani, utaona kwamba katikati yake pana kidimbwi, na kwamba maji huingia na kutoka kwa mifereji inayokatana kama msalaba, kuelekea pande nne. Ndani ya kidimbwi hicho limelala jiwe kubwa bapa, lenye urefu wa zaidi ya mita 3, na kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba chini yake ndiko yalikohifadhiwa majivu ya mfalme. Mwaka 2001 maji yalitolewa kidimbwini ili watafiti wachunguze, na hawakukuta chumba wala chombo chochote cha maziko chini ya jiwe hilo. Tangu hapo wapo waliokata shauri kwamba habari yote ni ngano.

Mimi siafiki, na sababu yangu imo katika maandishi. Samguk Sagi, historia iliyokamilishwa na Kim Busik mwaka 1145, imenukuu wosia wa Munmu. Ndani yake mfalme anaagiza kwamba siku ya 10 baada ya kufa kwake mwili wake uchomwe moto kwa desturi ya India, na mazishi yasiwe na gharama. Anaeleza na sababu: shujaa aliyetawala mambo yote mwishowe huwa rundo la udongo, ambapo watoto wachungaji huimba juu yake, na mbweha na sungura huchimba mashimo ubavuni mwake. Ndugu Mgeni, siku yako ya kwanza utakapokuwa umesimama katikati ya vilima vile vya Daereungwon, yakumbuke maneno hayo, kwa sababu bila shaka mfalme alikuwa na vilima kama hivyo akilini. Ni makaburi ya watangulizi wake.

Tena liko jiwe la maandishi la Munmu mwenyewe, ambalo kisa chake kinasikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Liliposimamishwa lilikuwa katika hekalu la Sacheonwangsa, lililojengwa mwaka 679 wakati wa utawala wake. Mwishoni mwa karne ya 18 vipande vyake vilionekana na maneno yake yakanakiliwa, kisha vikapotea tena. Sehemu ya chini ilipatikana mwaka 1961 mjini Gyeongju. Ya juu ikaja kuonekana mwaka 2009 uani mwa nyumba ya mtu, karibu na bomba la maji, imelala kama jiwe lolote la kufulia nguo. Katika maneno yake yanayosomeka kuna habari ya kuchomwa kwa kuni zilizorundikwa, na ya mifupa iliyosagwa katika kivuko cha nyangumi, yaani baharini. Mfalme ambaye mifupa yake ilisagwa na kutolewa baharini hahitaji chumba chini ya jiwe. Kwa hiyo uchunguzi wa mwaka 2001 haukuvunja habari. Uliondoa tu dhana ya sanduku lililofichwa, dhana ambayo nadhani ililetwa na watu wa zama zetu waliozoea makaburi yenye vyumba.

Kama mifereji ile minne ilichongwa na watu au iliachwa na mawimbi, wataalamu bado wanabishana, na wenye kusema kwamba asili ilianza na mkono wa mtu ukamalizia naona hawako mbali na ukweli.

Jambo la pembeni: vibao vya zamani vitakuonyesha Gameunsa kuwa eneo la kihistoria namba 31 na mwamba kuwa namba 158. Namba hizo zilikuwa za mpangilio wa usajili tu, hazikuwa daraja za ubora, na tangu mwaka 2021 serikali imeacha kuzitumia katika majina rasmi kwa sababu watu walikuwa wakizichukulia kama daraja.

Binti Bandari alijibu:

Nakaa Ulsan, kwa hiyo naomba nitoe onyo moja ambalo wakubwa wangu hapo juu wamelisahau. Jina la mwamba wa Bonggil-ri ni Daewangam, maana yake mwamba wa mfalme mkuu. Ulsan nako kuna Daewangam, kwenye bustani kubwa yenye miti ya misonobari na mnara wa taa wa Ulgi uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1906. Huo wa Ulsan masimulizi yanaunasibisha na malkia wa Munmu, ambaye naye anasemekana aligeuka joka. Ni mahali pazuri na kuna daraja la kukuvusha hadi mwambani, lakini si huko unakokwenda. Nimekutana na wageni waliomwonyesha dereva jina hilo wakajikuta wamefika Ulsan, wakawa wanatafuta pagoda ambazo hazipo. Mwonyeshe dereva jina la Bonggil-ri au la kaburi la Mfalme Munmu kwa maandishi ya Kikorea. Ukiona imeandikwa Yangbuk-myeon katika ramani ya zamani, usishtuke; tarafa hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2021 ikawa Munmudaewang-myeon, yaani tarafa ya Mfalme Mkuu Munmu.

Usipange kutembea kando ya bahari kuelekea kusini ukitokea ufukoni. Kituo cha umeme wa nyuklia cha Wolseong, ambacho mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme wa biashara mwaka 1983, kimelishika eneo hilo la pwani, na barabara kuu inapita ndani ya mlima kwa handaki. Bonggil-ri yenyewe ina ghala la chini ya ardhi la taka za mionzi ya viwango vya chini na vya kati, ambalo wakazi wa Gyeongju walilikubali kwa kura ya mwaka 2005, asilimia 89.5 wakiliunga mkono. Baadhi ya wageni huona ni ajabu kwamba kaburi la mfalme na ghala hilo viko kijiji kimoja. Mimi nimezoea.

Ukiwa na gari, ng'ambo ya handaki, katika tarafa ya Yangnam, kuna nguzo za mawe ya volkano ambazo badala ya kusimama zimelala zikatandazwa kama upepeo uliokunjuliwa. Zilitangazwa kuwa kumbukumbu ya asili ya taifa mwaka 2012. Si za historia ya wafalme, lakini usizipite.

Mgeni wa Daegu aliandika tena:

Ndugu zangu, nimekwenda na nimerudi, na kwa kuwa mlijitolea kunieleza, naona ni adabu niwaletee taarifa.

Nilifuata mpangilio wa Mzee wa Ramani. Gameunsa nilifika asubuhi, na kwa zaidi ya saa moja tulikuwa watu watatu tu: mimi, mama mmoja aliyekuwa akiizunguka pagoda ya mashariki huku amefumba mikono, na mkulima aliyekuwa akirekebisha maji shambani kwake chini ya ukuta. Niliinama kwenye misingi ya ukumbi kama nilivyoelekezwa. Kile kitu hakionekani katika picha hata kimoja. Ndani ya uwazi ule palikuwa na majani makavu na unyevu, na nilipoingiza mkono niliona jinsi pande la jiwe lilivyochongwa mdomo ili la jirani yake likae sawasawa. Nilijikuta nimepiga magoti kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, mpaka yule mama akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Igyeondae nilikaa kidogo kwa sababu ya upepo. Ufukoni pamenishangaza, kwa maana nilitarajia utulivu. Ni ufuo wa kokoto, na kote kando yake kulikuwa na mishumaa imewekwa ndani ya vibanda vya mawe, sahani za matunda na samaki wakavu, na sauti ya ngoma na matoazi kutoka kwenye hema moja. Naomba msaada hapo: wale ni watawa wa Kibuddha, au ni kitu kingine? Sikupenda kuuliza wala kupiga picha.

Mzee wa Ramani alijibu:

Ulifanya vyema kutopiga picha, mwanangu. Wale wa ngoma ni mudang, waganga wa jadi ambao wengi wao ni wanawake, na tambiko wanalolifanya huitwa gut. Huja kutoka sehemu mbalimbali za nchi kwa sababu wanaamini mfalme wa joka wa mahali pale ana nguvu, na watu huwafuata kwa shida za biashara, maradhi na watoto wasiofaulu mitihani. Wabuddha nao huja, lakini wao mara nyingi utawaona wakiachilia samaki hai majini kama tendo la huruma. Shakwe wanazijua ratiba za makundi yote mawili, na ndiyo maana wamejaa namna ile.

Watu wa Silla walijenga hekalu ili joka aingie, na hekalu likabomoka. Hawa wa sasa wameacha hekalu wakamfuata mwenyewe majini. Ukirudi tena, nenda siku ya kawaida alfajiri, kabla jua halijatoka nyuma ya mwamba. Utawakuta wamekwisha kuwasha mishumaa, na wachache wao wamekaa kimya wakitazama baharini, wakisubiri.